Utundu wa Mtoto Mdogo na Wajibu wa Wazee Wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Tumeulizwa katika darasa letu hapa Nakuru, na si mara moja, swali hili: mtoto wa miaka 4 asiyetulia, apandaye kila kitu, aulizaye kila neno na akataaye kila amri, je, ana nini? Na dawa yake ni ipi? Waulizao ni kina mama zaidi kuliko kina baba, na wengi wao ni watu wa mwambao waliofuata waume au kazi huku bara. Tumeona vema jibu letu tuliandike, lipate kuwafikia pia ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu. Kwani, kama itakavyoonekana mbele, jambo hili lawahusu wao kama linavyotuhusu sisi.

Jibu letu la kwanza ni kuwa mtoto huyo, akiwa mzima wa mwili, hana kitu ila utoto. Ameanza kuijua nafsi yake. Jana alikuwa akibebwa; leo ana miguu ya kumpeleka atakako na ulimi wa kusema hataki. Amepewa nguvu kabla ya kupewa busara, na katika hilo mna hekima ya Mola, kwani lau asingekuwa na nguvu hiyo asingejaribu kusimama kila alipoanguka. Katika mji huu wa Nakuru mtoto wa miaka 4 aweza kusema Kiswahili na mama yake, Kikikuyu au Kikalenjin na wenzake wa ploti, na akarudi kutoka shule na maneno ya Kiingereza, wala hakuna aliyemketisha kumsomesha sarufi. Utundu ule ule umchoshao mama ndio uliomfungua ulimi.

Wala tusiitaje taabu tukaiacha furaha. Ni yupi katika sisi asiyepoa moyo arudipo kazini jioni, akasikia mbio za miguu midogo ikija mlangoni? Ni yupi asiyetabasamu aonapo mwanawe akisujudu kando yake, uso ameuelekeza kusiko, kisha akaondoka na kofia ya baba kichwani? Akipelekwa kutazama heroe wa ziwani huuliza ni nani aliyewapaka rangi ile. Swali hilo ni mlango wa tauhidi, na ameufungua yeye mwenyewe bila ya kuambiwa. Mzazi amwambiaye anyamaze ameufunga mlango huo kwa mkono wake.

Basi, ikiwa utundu ni jambo la maumbile, kwa nini waonekana kama maradhi? Sababu moja twaiona katika maisha yetu ya huku. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa njia hiyo wakaja Waislamu wa mwambao, wengine kwa kazi, wengine kwa biashara. Mtaa wa Bondeni wajulikana hata leo kwa Waislamu wake. Lakini waliokuja hawakuweza kuja na mitaa yao. Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale alikuwa na bibi nyumba hii, shangazi nyumba ile, na wazee barazani wenye kumrudisha akifika mbali. Mtu mmoja hakuachiwa mzigo wote. Huku mama mwingi hukaa peke yake katika chumba kimoja cha kupanga. Jiko la makaa li mlangoni, bodaboda zapita nje ya lango, na baridi ya Julai, katika mji ulio juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,850, yamlazimu kufunga mlango. Nguvu ya mwana-farasi imetiwa ndani ya tundu la kuku, kisha twashangaa kwa nini tundu latikisika.

Ifikapo likizo ya Desemba, mama humchukua mwanawe akasafiri kilomita zaidi ya 600 kurudi kwao. Mtoto aonapo uwanja, aonapo bahari, aonapo watu wengi wa kumjibu, huachia yote aliyoyafungiwa mwaka mzima. Bibi hustaajabu. Jirani hunong'ona: mtoto huyu si bure, ametupiwa kitu. Na hapo ndipo ulipo msiba tutakao kuusema wazi.

Msiba wa kwanza ni ramli na hirizi. Mtoto mzima hupelekwa kwa mganga, akapigiwa ramli, akatajiwa pepo wa ukoo wa baba yake, na akafungwa hirizi shingoni. Mama hutoa fedha aliyoiweka kwa viatu vya mtoto, na nyumba mbili za wakwe hununiana kwa neno la mtu asiyejua lolote la ghaibu. Ndugu zetu, imepokewa kuwa walikuja watu 10 kumpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya utii, akapokea ya 9 na akaizuia ya mmoja kwa sababu alikuwa amevaa hirizi, hata alipoikata. Hatukanushi kuwa kijicho ni kweli, wala hatukatazi kinga aliyoifundisha Mtume. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaombea Hasan na Husein kinga kwa maneno ambayo babu yetu Ibrahim aliwaombea kwayo Ismail na Is-haka. Tazameni basi tofauti: dua husomwa na mzazi kwa ulimi wake mwenyewe, mkono wake u juu ya kichwa cha mwanawe, wala haiuzwi. Na mtoto asiyesikia aitwapo, au aangukaye akapoteza fahamu, au asiyesema kabisa ilhali wenzake wasema, huyo ni wa kupelekwa hospitali mapema, si kwa mpiga ramli.

Msiba wa pili ni bakora. Husemwa kuwa dini yaamrisha kupiga. Tuwaulize wasemao hivyo: amri ya sala, iliyo nguzo ya dini, Mtume (S.A.W.) aliagiza mtoto aambiwe akiwa na umri gani? Ni miaka 7. Na kutiwa adabu kwa kuiacha kukatajwa katika miaka 10. Ikiwa sheria haikumdai sala mtoto wa miaka 4, sisi ni nani hata tumdai utulivu wa mtu mzima, na tumpige kwa kuukosa? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa mtoto ni amana kwa wazee wake, na kuwa mtoto atokaye chuoni aachwe acheze, kwani kumzuilia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huua moyo wake na kuharibu akili yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameonya kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali na mabavu hujifunza uwongo na hila, ili ajikinge na mkono umpigao. Hao ni wanazuoni wetu, si wageni waliotuletea fikra ya jana. Kenya iliondoa bakora mashuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikampa mtoto kinga na kila aina ya utesaji. Yatupasa kuona haya ikiwa chuo cha Kurani ndicho kitakachobaki mahali pa mwisho ambapo mtoto wa miaka 4 alizwa kwa fimbo, kisha akue akilichukia jina la chuo.

Msiba wa tatu haupigi kelele, na kwa hivyo wengi hawauoni. Nao ni uwongo. Nyamaza, mumiani anakuja. Kula, la sivyo polisi atakuchukua. Twende, nitakununulia peremende. Na peremende haionekani. Mama mmoja katika zama za Mtume (S.A.W.) alimwita mwanawe kwa kumwahidi kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, akamjulisha kuwa lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Tende moja ndugu zangu, na mtoto mdogo! Lakini mtoto huyo ndiye atakayetuamini kesho tutakapomwambia habari za Mungu asiyeonekana. Akiwa ametukuta waongo katika habari ya mumiani, atatusadiki vipi katika habari ya Pepo na Moto? Na kwa mlango huo huo imeingia simu ya mkononi, apewayo mtoto ili asahau kuwa ana wazee. Hutulia kweli, lakini ni utulivu wa mtu aliyefungwa macho. Na siku asipopewa, kilio chake huwa kikubwa kuliko utundu alioachishwa.

Sasa tutazame mwendo wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mjukuu wake alimpanda mgongoni naye yu katika kusujudu, akairefusha sijida hata masahaba wakadhani limetokea jambo. Akawaeleza kuwa hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajatimiza haja yake. Alisali akiwa amembeba Umama, binti ya Zainab, akimweka chini asujudupo na kumwinua asimamapo. Alishuka mimbarini katikati ya hotuba kuwachukua Hasan na Husein waliokuwa wakijikwaa katika kanzu zao. Alimwona mtoto mdogo, Abu Umair, amehuzunika kwa kufiwa na kijindege chake, akamsemesha kwa habari ya kijindege hicho. Na mtoto mwingine, Umar bin Abi Salama, mkono wake ulipozunguka sahani nzima, hakumpiga wala hakumwaibisha mbele ya watu. Alimfundisha adabu tatu fupi za kula, na mtoto yule akazishika maisha yake yote.

Katika habari hii ya mwisho pana siri ya malezi. Mtume hakumwachia mtoto afanye atakavyo. Wako leo wasemao kuwa mtoto asikatazwe neno. Hao nao wamepotea njia, kwani mtoto asiyejua mpaka hana amani. Lakini amri zilikuwa chache, zikawa wazi, zikasemwa kwa upole, na zikasemwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alizitenda. Baba apigaye kelele kumwamuru mwanawe asipige kelele amemfundisha kupiga kelele.

Kwa hivyo twashauri haya. Amri za nyumba ziwe tatu au nne, za moto, za barabara, za kupiga wenziwe na za sala ya wazee. Na katika hizo baba na mama wawe na neno moja, lisigeuke kwa kilio. Mtoto apewe kazi: apange viatu mlangoni, apeleke kikombe, achambue mchele pamoja na mama. Nguvu iliyopewa kazi haivunji vyombo. Apewe uwanja kila siku, japo nusu saa, na hiyo ni kazi ya baba. Mzigo huu hauwezi kuwa wa mama peke yake, kisha baba arudi usiku kuuliza kwa nini mtoto hana adabu. Na majirani wa ploti moja wapokezane watoto, huyu leo na yule kesho, mpaka tupate tena sehemu ya ule mtaa tulioupoteza.

Misikitini nako pana la kusemwa. Mtoto akicheka katika safu, wazee watatu humgeukia kwa macho ya moto, na wa nne humtoa nje. Miaka 15 baadaye twakaa katika msikiti huo huo tukilia kuwa vijana hawaonekani. Waliambiwa watoke, wakatoka. Awekwe mtoto kando ya babake, aelezwe kabla ya sala, na akikosea aongozwe.

Tena watu wa mwambao wameshatuonyesha kuwa elimu ya dini na mchezo wa mtoto hazigombani. Mwaka 1986 zilianzishwa Mombasa shule za awali za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ambamo watoto hufundishwa dini pamoja na mambo mengine kwa kucheza, kwa hadithi na kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya mtaani. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mtaala mpya wa Kenya ulioenea mashuleni mwaka 2019 nao umeweka miaka miwili ya awali kwa watoto wa miaka 4 na 5. Basi, mwenye chuo asiseme hakuna njia ila mkeka, sauti moja na fimbo.

Enyi bibi na mababu wa mwambao, Desemba ijapo mtaletewa wajukuu kutoka Nakuru, Gilgil na Naivasha. Watapanda vitanda vyenu, watamwaga uji, watauliza maswali mia kabla ya adhuhuri. Msiwatafutie mganga. Wapelekeni ufuoni, wasimulieni, waombeeni, na mumpumzishe mama yao, kwani amewalea peke yake mwaka mzima. Hiyo ndiyo dawa aliyoikosa kwa kuwa mbali nanyi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, atupe subira juu ya nguvu zao, na asizizime nguvu hizo kwa mikono yetu kabla hazijafika katika kheri alizowaumbia. Wabillahi tawfiq.