KHUTBA YA IJUMAA: HAKUNA KASINO ILIYO NAFUU

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia kamari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi Waislamu, ninakuusieni nyinyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, nyumbani na safarini, mbele ya watu na pale ambapo hakuna anayekujua.

Leo tunasema na wenye kusafiri. Ndugu zetu wafanyabiashara wanakwenda Guangzhou, China, kununua nguo, simu na vipuri. Kutoka huko mpaka Macau si mbali, na Macau ni mji wa kasino. Mtu akishamaliza kununua, akabakiwa na siku tatu nne za kungojea kontena lifungwe, mwenzake humwambia: twende Macau tukapumzike. Ndipo maswali yanaanza. Tuingie kasino gani? Lisboa ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1970? Ama Venetian ya mwaka 2007, yenye mifereji ya maji na mashua ndani ya nyumba? Ipi inalipa vizuri? Ipi ina basi la bure?

Ndugu Muislamu, swali hilo limeoza toka mwanzo. Mwenye kutafuta kasino nzuri ni kama mwenye kutafuta nyama ya nguruwe isiyo na mafuta.

KWANZA: HUKUMU YAKE

Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba pombe na kamari zina manufaa fulani kwa watu, lakini ametujulisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo usidanganyike na yule aliyerudi na dola mia tano mkononi. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, jambo lilikatwa kabisa: kamari ni uchafu katika kazi ya shetani, naye anaitumia kutia uadui kati yetu na kutuzuia na swala. Tena Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye kumwita mwenzake waje wacheze kamari, na atoe sadaka. Tazameni: mwaliko tu, kabla ya kuweka hata franka moja mezani, umehitaji kafara. Basi na yule anayepanga safari nzima, kwa tarehe na kwa jina la kasino?

PILI: HESABU YAKE

Pengine wewe ni mtu wa hesabu. Basi tuhesabu. Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja lina namba 37. Ukiweka dola moja juu ya kila namba umetoa dola 37, na namba moja lazima ishinde. Utarudishiwa dola 36. Lenye sifuri mbili lina namba 38, na bado utarudishiwa 36. Hiyo ndiyo tofauti ya kasino "nzuri" na kasino "mbaya": moja inakunyang'anya polepole, nyingine haraka.

Huko Macau mchezo unaopendwa kuliko yote ni karata za bakara. Upande wake ulio nafuu unakata kama dola moja tu katika kila dola mia. Utasema ni kidogo. Lakini ukiweka dola 50 kila duru, duru 60 kwa saa, kwa muda wa saa 8, umepitisha dola 24,000. Kwa wastani zaidi ya dola 250 zimekwenda, na hapo hujafanya kosa lolote.

Mwaka 2013 kasino za Macau zilibakiwa na kama dola bilioni 45. Wenye kushinda walikuwa wamekwisha kulipwa. Bilioni hizo ni mali ya walioshindwa. Kumbe basi la bure lilikuwa chambo, na samaki ndiye anayelipa gharama ya chambo.

Na jambo la ajabu ni hili: serikali ya Macau yenyewe inawakataza watumishi wake kuingia kucheza, isipokuwa siku chache za mwaka mpya wa Kichina. Tangu Desemba 2019 wafanyakazi wa kasino nao wamekatazwa kuingia kwenye kumbi za kamari nje ya saa zao za kazi. Wenye nyumba wanawakinga watu wao, nawe unatoka Kongo kwenda kujitupa humo!

TATU: AMANA

Ewe ndugu, pesa iliyo mfukoni mwako ni ya nani? Humo mna zamu yako ya likelemba, ambayo wenzako bado wanakudai. Mna dola za jirani aliyekutuma friji. Mna minervali ya watoto. Kesho Akhera kila mtu ataulizwa mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Hapo utajibu nini kwa mali isiyokuwa hata yako? Mke anangojea mzigo, mzigo haufiki, na ndugu wawili hawaamkiani tena. Huo ndio uadui tulioonywa.

Ukiwa na siku za kungojea, Guangzhou ina Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya zamani sana ya China. Waislamu wa huko wanaamini pia kwamba katika mji wao kuna kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas, na penye kaburi hilo pana msikiti ambapo Ijumaa wageni wengi, Waafrika pia, wanaswali. Nenda huko. Utakutana na wafanyabiashara waaminifu, na hutatoka ukiwa na deni.

Na aliyekwisha kucheza, mlango wa toba uko wazi. Aache leo, atoe sadaka, na awaendee wenye mali awaambie kweli, awalipe kidogo kidogo.

Ee Mwenyezi Mungu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu. Walinde wasafiri wetu, uwarudishe salama pamoja na amana zao. Amin.