Fasihi ya Lazima na Haki ya Kukataa: Maadili ya Kidemokrasia katika Mtalaa wa Kenya

Utangulizi

Kwamba shule ni chombo cha kuwajenga raia ni kauli isiyo na wapinzani wengi miongoni mwa wataalamu wa elimu. Ubishi huzuka inapoulizwa ni raia wa aina gani anayekusudiwa, na ni kwa njia gani atapatikana. Taifa linaloamua kuwafundisha watoto wake demokrasia hujikuta mbele ya kitendawili: demokrasia husimama juu ya ridhaa ya watu, ilhali mtalaa wa taifa ni amri. Mtoto hachagui silabasi, wala hachagui kitabu atakachotahiniwa. Je, yawezekana kumwamuru mtu awe huru?

Makala hii inalijadili swali hilo kwa kuangalia uwanja mmoja mahususi, yaani ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika shule za upili za Kenya. Inashikiliwa hapa kwamba maadili ya kidemokrasia hayakai hasa katika maudhui ya kitabu teule. Hukaa katika haki anayopewa mwanafunzi ya kukihukumu kitabu hicho, na hata kuikataa hukumu ya mwalimu na ya mtahini, mradi awe na ushahidi.

Maudhui yamegeuka

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, hali iliyodumu tangu 1982 hadi kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991. Uraia uliofundishwa katika somo la Jiografia, Historia na Uraia ulikuwa uraia wa zama hizo: umoja, utiifu, na kufuata nyayo. Leo mambo ni mengine. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaitaja demokrasia na ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Mtalaa wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, nao unauhesabu uraia kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi.

Fasihi imepitia mkondo uo huo. Mnamo 1981 Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki, tamthilia kuhusu wafanyakazi wanaodai haki zao. Mwaka uliofuata aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Miongo miwili baadaye, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), inayosawiri utawala dhalimu wa Mtemi Bokono katika nchi ya Butangi, iliingia madarasani kama kitabu teule. Kigogo ya Pauline Kea ilifuata nyayo hizo kwa kumweka Majoka, mtawala wa Sagamoyo, mbele ya macho ya kila mtahiniwa. Yaliyokuwa hatari kuyaandika yamekuwa mazoezi ya jioni.

Hapana shaka kwamba haya ni maendeleo. Hata hivyo, kubadilika kwa maudhui si lazima kubadilishe uhusiano kati ya mwanafunzi na maarifa. Mwanafunzi wa 1986 alikariri sifa za utiifu; mwanafunzi wa baadaye alikariri ubaya wa udikteta. Wote wawili walikariri, na wote wawili waliogopa kukosa jibu lililotarajiwa. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea (1967), alisisitiza kwamba elimu imjenge mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi na anayejiamini kuwa yu mtu huru aliye sawa na wenzake. Anayekariri kwamba udikteta ni mbaya hajafika huko. Amebadilishiwa wimbo tu.

Kitenzi cha mtahini

Tuchukue Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Ina alama 80, zinazogawanywa kwa maswali manne ya alama 20 kila moja. Jambo la kuzingatia ni vitenzi vya maswali hayo: thibitisha, fafanua, onyesha. Mtahiniwa hupewa kauli, kwa mfano kwamba kiongozi fulani ni dhalimu, kisha akaamriwa aithibitishe. Hata panapotumika kitenzi jadili, mwongozo wa kusahihishia mara nyingi huwa na orodha ya hoja za upande mmoja. Miongozo inayouzwa madukani hukamilisha kazi iliyosalia kwa kumpa mwanafunzi hoja zile zile, zikiwa na nambari, hata kabla hajaifungua tamthilia yenyewe.

Athari ya utaratibu huu ni ya kimaadili kuliko ya kitaaluma. Katika Kifo Kisimani, Gege anamuua Mwelusi, ndugu yake, baada ya kuahidiwa kumwoa binti wa Mtemi. Jibu la kawaida ni kwamba Gege ni msaliti na mwenye tamaa, na jibu hilo ni sahihi. Lakini mwanafunzi akiuliza kama katika nchi ambayo kila neema hupitia mkononi mwa mtawala kuna anayechagua kwa hiari kamili, ameuliza swali ambalo tamthilia yenyewe inaliibua. Swali hilo halimwondolei Gege hatia. Linamtaka msomaji apime sehemu ya mtu binafsi na sehemu ya mfumo katika dhuluma, na upimaji huo ndio kazi ya raia. Lisipokuwa na alama, mwanafunzi hujifunza upesi kutoliuliza.

Mfano mgumu zaidi ni wa mwanafunzi atakayemtetea Majoka. Katika Kigogo soko la Chapakazi linafungwa, na uchafu unatolewa kuwa sababu. Mwanafunzi aweza kudai kwamba serikali yoyote ina wajibu wa kulinda afya ya watu, na kwa hiyo kufunga soko chafu si udhalimu. Je, apewe alama? Makala hii inajibu kwamba apewe, kwa kiwango cha ushahidi wake. Lakini kwa msingi huo huo atatakiwa aeleze ni kwa nini soko lifungwe badala ya kusafishwa, na ni kwa nini hoteli ya kifahari ikusudiwe mahali pale pale. Akiwa mkweli kwa matini, ama atairekebisha hoja yake ama ataiacha. Ataiacha kwa kuwa ameshindwa na ushahidi wala si kwa kuwa amenyamazishwa. Imani iliyopatikana kwa njia hiyo ina mizizi.

Pingamizi la haki

Kuna pingamizi moja lisiloweza kupuuzwa. Mtihani wa taifa hufanywa na wanafunzi wa hali mbalimbali: yupo wa shule yenye maktaba na walimu wa kutosha, na yupo anayeshiriki nakala moja ya riwaya na wenzake watano. Mwongozo wa kusahihishia wenye hoja bainifu humkinga huyu wa pili. Ukiachwa wazi, alama huenda zikamfuata mwenye ufasaha wa kurithi, au zikategemea mwelekeo wa kisiasa wa msahihishaji. Usawa nao ni thamani ya kidemokrasia, na hauwezi kutolewa kafara kwa jina la uhuru wa fikra.

Pingamizi hili ni zito, lakini halithibitishi kwamba kila swali liwe na jibu moja. Linadai kwamba aina za maswali zitenganishwe. Nani alimuua Mwelusi ni jambo la matini, na halina mjadala. Kama Gege alikuwa na hiari ni jambo la hukumu, na hapa msahihishaji aweza kupewa vigezo vilivyo bainifu vilevile: je, dai liko wazi, limetegemezwa kwa tukio la matini, limeukabili ushahidi unaolipinga? Vigezo hivi havihitaji maktaba kubwa. Huenda vikamnufaisha zaidi yule aliyesoma nakala moja kwa makini kuliko yule aliyenunua miongozo mitatu.

Darasa na ulimwengu wake

Aidha, fasihi haifundishwi katika ombwe. Katika kipindi kimoja mwanafunzi hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika kingine kwamba kuuliza si ujinga. Methali hizi mbili zikifundishwa kama hekima zilizokamilika, hufuta maana ya kila mojawapo. Zikiwekwa pamoja, darasa likaulizwa ni wakati gani la mkuu lifaa kusikilizwa na ni wakati gani lifaa kuhojiwa, fasihi simulizi yenyewe inakuwa baraza.

Jukwaa la tamasha la drama limelipima suala hili kwa ukali zaidi. Mwaka 2013 tamthilia ya Shackles of Doom ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kuigizwa katika tamasha la kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwaka 2025 shule iyo hiyo ilikumbwa na kisa cha namna hiyo kuhusu Echoes of War. Mahakama Kuu iliamuru tamthilia iigizwe, lakini huko Nakuru vitoa machozi vilirushwa, na wasichana wakakataa kuigiza bila mwelekezi wao. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka.

Visa hivi vinaonyesha tofauti kati ya udhalimu wa Butangi, ambao mwanafunzi hupewa alama kwa kuulaani, na udhalimu ambao huenda akautaja karibu na nyumbani. Mtalaa unaomruhusu wa kwanza na kumziba mdomo kwa wa pili unafundisha kwamba haki ni mali ya vitabuni. Wasichana wale walifanya ambalo karatasi ya mtihani haijawahi kuwaomba watahiniwa: walikataa, wakatoa sababu, wala hawakumdhuru mtu.

Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni lilikuwa kama yawezekana kumwamuru mtu awe huru. Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba haiwezekani kuamuru hukumu ya mtu, ila yawezekana kuamuru taratibu zinazoilea hukumu hiyo: kusoma kwa makini, kumsikiliza anayepinga, kutoa ushahidi, na kukubali kushindwa kwa hoja. Hayo yanaweza kuwa lazima bila kuunyima uhuru nafasi yake. Uteuzi wa vitabu vinavyolaani udikteta ni jambo jema, na uendelee. Lakini kipimo cha mtalaa wa kidemokrasia si ukali wa lawama zilizomo katika kitabu teule. Ni alama anazopata mtahiniwa aliyekisoma vizuri, akatofautiana na mtahini, na akaonyesha ni kwa nini.