Bei ya Shida

Tunaleta mbele yenu swali lililotusumbua kwa muda wa miezi miwili. Mtu akiuza kitu chake kwa bei ya chini kwa kuwa amebanwa na shida, je, mnunuzi, ambaye naye si tajiri, anayo haki ya kukichukua kwa bei hiyo?

Swali lenyewe halikutoka vitabuni. Sisi ni mke na mume, walimu wastaafu, na pensheni ya mwalimu kila mtu anaijua ilivyo. Mwaka huu ilitupasa kutengeneza chumba kimoja cha kulala kilichokuwa cha watoto, ili shangazi yetu mzee, aliyekuwa akiishi peke yake kule juu Mbaga, ateremke akae nasi hapa Same karibu na hospitali. Chumba kilikuwa na ukungu chini ya dirisha, na rangi imebanduka kama ganda la muhogo. Kitanda hakikuwamo. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za kuhesabika.

Tulianza na kuta. Baada ya kuuliza bei ya rangi madukani tukaamua kupiga chokaa, kama shule zetu zilivyokuwa zikipigwa chokaa kabla mkaguzi hajafika. Vijana wa siku hizi huidharau kwa kuwa hushika nguo. Mara nyingi hushika nguo kwa sababu imepakwa vibaya. Chokaa ni jiwe lililochomwa tanuruni. Likitiwa maji huchemka na kulainika, na likiisha pakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe tena, polepole. Kwa hiyo ukuta hauna budi kulowanishwa kwanza, chokaa iwe nyepesi kama maziwa, na ipakwe mara tatu au nne, kila mpako ukauke kabla ya kuletwa mwingine. Ukiipaka mara moja, nzito kama uji wa ulezi, itabanduka tu. Wazee waliongeza na chumvi kidogo. Sisi tulitia udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, kiasi cha vikombe viwili kwa ndoo, na chumba kikatoka na rangi ya yai la kuku wa kienyeji. Mpakaji ajihadhari na macho, maana chokaa huunguza.

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na sehemu ya ukuta ilikuwa na rangi hiyo ya zamani, ikabidi ikwanguliwe. Hapa tuseme jambo moja kwa wenye watoto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Wamarekani walizipiga marufuku katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kwa macho huwezi kuitambua. Basi rangi kuukuu, iwe ya ukuta au ya kitanda cha chuma ulichonunua kwa mtu, isisuguliwe kavu. Ilowanishwe, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali.

Kijana aliyetusaidia kazi hiyo tulimlipa jioni ile ile. Hatusemi hivyo ili tusifiwe, bali kwa sababu tulikuwa tumemkumbuka Yehoyakimu mfalme wa Yuda. Huyu alijijengea nyumba pana yenye vyumba vya juu, akaifunika kwa mwerezi na kuipaka rangi nyekundu, na Yeremia akamlaani, kama tusomavyo katika sura ya 22. Lawama kuu ya nabii haikuwa juu ya rangi. Ilikuwa juu ya jirani aliyefanyishwa kazi bila ujira. Nani ameilipia rangi hiyo? Kwa kazi ya mikono swali hilo hujibiwa upesi: mlipe mtu. Kwa kitu kilichokwisha tumika, jibu halionekani upesi hivyo.

Tulihitaji vitu vinne, vile vile ambavyo mama wa Shunemu aliviweka katika chumba cha Elisha, yaani kitanda, meza, kiti na taa. Mama yule alikuwa mtu mwenye uwezo, lakini hakuongeza cha tano. (Sisi tulitamani kabati pia, na habari zake zinakuja.) Tulikubaliana tutafute vilivyotumika, na si kwa ajili ya fedha tu. Vitanda vipya vya bei nafuu siku hizi hutengenezwa kwa mbao kama msindano na mkaratusi, tena mara nyingine mbao hazijakauka vizuri, na baada ya mwaka chaga zinalia usiku kucha. Cha zamani cha mninga, mchwa hukionea haya. Na huku kwetu viko bado vitanda na masanduku ya mti ule wenye harufu ya kafuri, uliokuwa ukipasuliwa kwa misumeno ya mkono katika msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Msitu ule sasa ni hifadhi, na kuvuna mbao humo hairuhusiwi. Anayenunua kitanda cha mti huo kilichotengenezwa zamani hamfanyi mtu yeyote aangushe mti mwingine leo.

Kuna na kunguni, ndiyo. Hukaa katika maungio na matundu ya misumari, nao waweza kukaa miezi bila kula. Kifungue kitanda chote, umimine maji yanayochemka katika kila ungio, ndipo ukiingize ndani. Kukianika juani peke yake hakutoshi, hata kwa jua hili la Same.

Sasa kitanda chenyewe. Tulielekezwa kwa mama mmoja mpangaji ambaye mumewe alikuwa amefariki, na yeye alikuwa anarudi kwao. Kilikuwa cha mninga, futi tano kwa sita, kazi ya fundi wa kweli, hakina msumari unaoonekana. Fundi seremala tuliyemwuliza siku ile alituambia kwamba cha namna hiyo hakitengenezi kwa chini ya laki tano. Mama akasema laki moja na nusu. Tulipokuwa bado tunakitazama, kabla hatujasema neno, akasema, “Au hata laki na ishirini nipeni. Gari linaondoka kesho alfajiri.”

Usiku ule tulibishana. Mmoja wetu alisema: bei ni mapatano. Hatukumlazimisha, hatukumwibia, ametaja mwenyewe. Tusipokinunua sisi atakiacha kwa mwenye nyumba bure. Zaidi ya hayo, sisi nasi tuna mgonjwa wa kumlaza. Maneno hayo yote ni kweli, nasi hatutaki msomaji ayapite haraka, kwa maana mara nyingi mahubiri juu ya fedha huandikwa kana kwamba mnunuzi daima ni tajiri. Katika mji wetu, kwa kawaida, maskini hununua kwa maskini mwenzake.

Mwingine alisema: Kiswahili kina maneno mawili, kukubali na kuridhika. Mtu anaweza kukubali kwa shingo upande. Yule mama amekubali. Hajaridhika.

Tuliokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka jinsi sabuni na sukari zilivyofichwa chini ya meza. Tume ya Taifa ya Bei ilikuwapo tangu 1973, nayo ilipanga bei ya vitu vingi sana, na bado mtu mwenye mtoto mgonjwa alilipa bei ya mwenye duka. Mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na neno ulanguzi likawa tusi. Likawa tusi kwa haki, kwa sababu mlanguzi huitazama haja ya mwenzake akaipangia bei. Lakini angalieni: neno hilo ni la muuzaji. Kwa mnunuzi anayefanya jambo lile lile kutoka upande wa pili, hatuna tusi. Twasema amebahatika. Twasema ameokota dodo chini ya mwarobaini. Twampongeza, naye husimulia nyumbani. Mithali 20:14 yamjua mtu huyo: akiwa mbele ya muuzaji hukiponda kitu kuwa hakifai, na akiisha kwenda zake hujisifu.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, ametaja katika kitabu chake juu ya Utatu habari za mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Mnunuzi alimlipa bei ya haki, ambayo muuzaji mwenyewe hakuitazamia. Ni mfano mzuri, ila haututoshi, kwa sababu mama wetu hakuwa mjinga. Aliijua thamani ya kitanda chake kuliko sisi. Alichokosa ni muda.

Juu ya hilo msaada mkubwa zaidi tuliupata kwa Thomas Aquinas, wa karne ya 13. Yeye asema kwamba muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi atafaidika sana, kwa maana hali ya mnunuzi si mali ya muuzaji, na mtu hauzi kisicho chake. Geuza maneno hayo. Gari linaloondoka alfajiri si letu. Hatukulipanga, hatukulitengeneza, nasi hatuna sababu ya kupata faida kutokana nalo. Kilichokuwa kinauzwa ni kitanda, na shida ya mjane haikuwa sehemu yake.

Upande wa muuzaji nao una wajibu wake, na Thomas huyo huyo asema lazima aseme kasoro iliyofichika. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani wa wengi wetu hapa Same, wanalo jambo hilo katika sheria yao ya biashara, kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro anaweza kukirudisha kitu. Kasoro hiyo kwa Kiarabu ndiyo neno lililotupatia sisi neno aibu. Mama yule alituonyesha, bila kuulizwa, chaga mbili zilizopasuka na mahali mtoto alipochora kwa msumari.

Asubuhi, kabla ya gari, tulimwuliza swali moja: “Mama, kama gari lingeondoka mwezi ujao, ungetaka kiasi gani?”

Alicheka. “Mwalimu, kinachouza ni shida, si mimi. Mwezi ujao ningesema mbili na nusu, na ningeshuka hadi mbili na ishirini.”

Tulikuwa na laki mbili. Tulimpa, na ile ishirini tulimtumia kwa simu pensheni ilipotoka. Mmoja wetu anaona hata hivyo hakikuwa bei ya haki, maana fundi alisema laki tano. Mwingine anajibu kwamba laki tano ni bei ya kitanda kipya, na kwamba mtu hawezi kudaiwa asichonacho. Mpaka tunaandika haya hatujapatana. Lakini swali lile la mwezi ujao tunaona lafaa, kwa sababu halikuhitaji vitabu wala mizani, na aliyelijibu ni mwenye mali mwenyewe. Tena lilimpa nafasi ya kushuka kwa hiari yake, kama wafanyavyo watu wasio na haraka.

Kabati ndilo lililotushinda. Tulilikuta katika duka la vitu vilivyotumika, zuri, lenye kioo kizima na droo tatu zinazofungika, kwa bei iliyotushangaza. Siku hizi kila mtu anasikia habari za mikopo inayoitwa kausha damu. Mama hukopa fedha kidogo, riba humzidi, na siku ya siku wadai huja wakabeba godoro, televisheni na kabati. Iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotaka wakopeshaji wawe na leseni na kufuata kanuni, lakini mkopeshaji wa mlangoni hakuja na leseni yake. Tulimwuliza mwenye duka kabati limetoka wapi.

“Mwalimu,” alisema, “kabati halina ukoo.”

Huenda lilitoka kwa mtu aliyehamia mji mwingine kwa furaha. Huenda siyo. Katika droo ya chini mlikuwa na daftari la mtoto la hesabu, darasa la nne, ambalo hakuna aliyekumbuka kulitoa. Na hapa swali letu la mwezi ujao halikuwa na mtu wa kuulizwa. Mwenye duka hakuwa na shida yoyote, naye angeridhika kabisa na bei aliyoitaja. Mwenye kuumia, kama yupo, hakuwapo dukani.

Tuliliacha. Mmoja wetu anasema liliuzwa wiki ile ile kwa mtu mwingine, kwa hiyo hakuna aliyesaidika kwa kuacha kwetu, na shangazi ndiye aliyekosa. Nguo zake kwa sasa zinaning'inia kwenye ufito uliofungwa kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, na shuka kuukuu limetundikwa mbele kuzuia vumbi, maana upepo wa Same mnaujua. Yeye mwenyewe hajalalamika, ila ameuliza mara mbili kabati litakuja lini.