Pole kwa Kazi, kwa Kichina

Wachina wana maneno mawili ambayo Mkenya hahitaji kuelezwa mara mbili: xinku le. Huambiwa mwalimu aliyemaliza kipindi, fundi anayeteremka kutoka kwenye mabati, mtu aliyerudi nyumbani jioni miguu ikimwaka moto. Ukiyafungua, xin ni ukali wa kuwasha ulimi, ku ni uchungu, ule wa mwarobaini, na le inaonyesha kwamba jambo limekwisha kutokea. Lakini anayeyasema hazungumzii ladha. Anakwambia: nimeona ulivyotoa jasho. Yaani pole kwa kazi. Sisemi yanakaribiana na pole kwa kazi. Ni pole kwa kazi yenyewe, imezaliwa upande mwingine wa dunia.

Sasa jaribu kuyaingiza kwenye Kiingereza.

Wenzetu wa huko hulijaribu hilo kila wiki. Njia mojawapo ambayo wanafunzi wa sekondari China hujifunzia msamiati wa Kiingereza ni kutafsiri sentensi moja moja. Unapewa sentensi ya Kichina, kando yake neno la Kiingereza ambalo lazima ulitumie, kisha uunde. Shanghai, mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo kikuu una sehemu nzima ya namna hiyo. Na huo mtihani, gaokao, si mchezo: mwaka 2024 waliojiandikisha nchini kote walizidi milioni 13. KCSE yetu mwaka huohuo haikufikisha milioni moja. Kwenye foleni ya milioni 13, neno moja likikaa vibaya unasukumwa nyuma ya watu wengi sana.

Sentensi hizo hunifikia mimi Kitale. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, hiyo ni stori ya siku nyingine, na riziki yangu naitafuta kwenye laptopu: leo makala ya mtu, kesho kuandika maneno ya sauti iliyorekodiwa, na siku hizi kukagua sentensi za wanafunzi. Kioo kinaniletea Kichina, maelezo yake neno kwa neno, kisha Kiingereza cha mwanafunzi. Chini kuna vitufe viwili: sahihi, si sahihi. Malipo yanatosha data na chapo madondo, na mwezi ukiwa mzuri yanagusa rent.

Kichina changu ni cha simu. Nikikwama namtumia sauti binamu yangu wa Bungoma, yeye amekisoma darasani. Hilo si ajabu tena. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba Kimandarini kingeingia shule za msingi kuanzia Gredi ya 4. Msichana Mbukusu anayeongea Kichina si muujiza, ingawa pale sokoni bado watu humzunguka kama mwenye mazingaombwe. Anafundisha kwa saa, mtandaoni. Wanafunzi wake wanatafsiri kutoka Kichina, mimi nawakagua wengine nisiowajua, na jioni tunagombana kwa sauti za dakika nne nne.

Ugomvi wetu ulianza na xinku le. Mwanafunzi mmoja alikuwa ametafsiri maneno ya kumwaga mwalimu jioni, akaandika kwa Kiingereza kitu ambacho ukikirudisha kwetu ni “mwalimu, pole kwa kazi yako ngumu”. Neno alilotumia ni “sorry”. Mimi nilimwelewa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mwingereza angemuuliza: sorry ya nini, kwani umefanya nini?

Hapo ndipo neno linapoacha kuwa msamiati na kuwa swali la maadili. Kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, “sorry” inataka mkosaji. Ukiitamka mbele ya mtu aliyejikwaa, mgeni kutoka Ulaya anakushangaa: si wewe uliyemwangusha! Mkenya hashangai. Akiongea Kiingereza bado anasema “sorry” kwa aliyejikwaa, aliyenyeshewa, aliyefeli, aliyechoka. Tumeibeba pole yetu, tukaivalisha koti la “sorry”, na koti linabana mabegani. Kwa sababu pole haihitaji mkosaji. Inasema kwamba uchovu wako unanihusu hata kama sikuusababisha. Hilo si jambo dogo. Kuna watu wenye akili zao wanaoamini kwamba pasipo kosa hakuna deni, kwamba shida nisiyoileta mimi hainidai chochote. Pole inakataa hilo kwa silabi mbili, na xinku le inakataa pia. Mtoto wa Shanghai na makanga wa stage ya Kitale wanakubaliana juu ya jambo zito kuhusu binadamu, halafu wanakutana katikati, kwenye Kiingereza, na wanaambiwa wote wawili wamekosea.

Na huyo wa kuwaambia ni mimi. Kidole changu, kitufe changu.

Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua historia ya kitufe hicho. Shule nyingi za huku kulikuwa na kibao. Wengine walikiita diski, wengine monita. Kimoja nilichokijua kilikuwa kipande cha mbao chenye uzi. Ukisikika ukiongea Lubukusu, au hata Kiswahili siku isiyokuwa yake, unavishwa, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Jioni wote waliokipitia wanapanga mstari. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu desturi hiyo ya enzi za wakoloni katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, na sisi tuliozaliwa baada ya kitabu bado tulikivaa. Kilichonikaa si kiboko. Ni kwamba hakuna aliyetofautisha kusema jambo baya na kusema jambo zuri kwa lugha isiyotakikana. Ungeweza kuwa unamwambia mwenzako mulembe, neno la amani, na bado ukapanga mstari na aliyetukana.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Kichina kinakula. Mtu akipata hasara, anakula hasara: chi kui. Akivumilia maisha magumu, anakula uchungu: chi ku. Akishtuka, anakula mshtuko. Akiona wivu wa mapenzi, anakula siki! Hiyo ya siki nilicheka peke yangu usiku, jirani akagonga ukuta. Lakini sisi tuna haki gani ya kucheka? Tunakula hasara vilevile, neno kwa neno. Tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hongo, tunakula chumvi nyingi mpaka tunaitwa wazee. Mjini watu wanakula fare za watu na kuzima simu. Ukiweka mkeka Jumamosi timu ikakuangusha, umeliwa. Tusipokula tunaona: tunaona haya, tunaona baridi, tunaona uchungu. Mchina anaonja hisia, sisi tunazitazama.

Wana msemo, chi kui shi fu: kula hasara ni baraka. Ulete kwa Kiswahili, mzee yeyote wa Kimilili atatikisa kichwa kana kwamba ni wake. Uupeleke kwenye Kiingereza cha mtihani na hasara haiwezi tena kuliwa. Inabidi mtu “ateseke” kwayo. Tofauti ni hii. Anayeteseka ameangukiwa na kitu. Anayekula amekaa, ametafuna, amemeza, na kesho atakuwa na nguvu au kuharisha, lakini kilichoingia kiliingia kupitia mdomo wake. Picha moja inamwonyesha mtu aliyeonewa, nyingine inamwonyesha mtu aliyeamua kumeza. Simaanishi kwamba ya pili ndiyo bora siku zote; nchi hii imetulisha hasara nyingi kwa kutuambia ni baraka. Nasema tu kwamba ni mawazo mawili, na anayesahihisha neno hapo anabadilisha wazo, kisha anaita kazi hiyo sarufi.

Binamu yangu hakubaliani. Na hoja yake si ya kupuuzwa.

“Wewe naye unapenda kufikiria sana,” alinitumia. “Matatu ya Kitale kuja Bungoma inakuuliza kama unaenda harusi ama matanga? Unalipa, unapanda, unashuka Webuye, unachukua ingine. Kiingereza ni hiyo matatu. Huyo mtoto hajakuomba ukabebee roho yake. Anataka afike.”

Akaongeza jambo lililoniuma kidogo: kwamba kulinda maana ni anasa ya mtu ambaye hana mtihani. Mtoto akifeli kwa sababu mkaguzi wa Kitale alipenda pole yake, mkaguzi hatakuwepo kumwambia pole.

Ni kweli. Na mimi sitetei kila sentensi. Chukua ile ya yeye. Kwa Kichina cha kutamka, ta ni mwanamume, ni mwanamke, ni kitu pia. Sisi nasi “yeye” yetu haiangalii jinsia, ndiyo maana Mkenya akichoka anamwita mama yake “he” na mwanafunzi wa Kichina anafanya hivyohivyo. Hapo nabonyeza si sahihi bila kuumia. Sentensi inayosema “alimpa pesa zake”, ikivuruga mwanamke na mwanamume kwa Kiingereza, inampa pesa mtu mwingine. Hilo ni kosa kwa sababu mwandishi mwenyewe, ukimwonyesha, atasema sikumaanisha hivyo.

Hicho ndicho kipimo changu, na sijapata bora zaidi: muulize mwenye sentensi. Wa “he” atakwambia hapana, nilimaanisha mama. Wa pole kwa kazi atakwambia ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha. Wa kwanza amekosea. Wa pili amesema alichotaka kusema katika lugha ambayo wenyeji wake hawana desturi hiyo. Kuwapa wote alama moja nyekundu ni kusema uongo kuhusu mmoja wao.

Na desturi za lugha hazikuletwa na mvua. Kichina chenyewe cha maandishi kilikuwa na herufi moja ya ta kwa wote. Ile ya “yeye mwanamke” ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20, Liu Bannong akiwa mmoja wa walioipigania, na sababu kubwa ilikuwa tafsiri: vitabu vya Ulaya vilikuwa vimejaa “she” na watafsiri hawakuwa na pa kumweka. Lugha ya mamilioni ya watu ilijiongezea herufi ili kumkaribisha mgeni. Kiingereza kingeshindwa nini kumkaribisha mtu mmoja anayetaka kumpa mwalimu wake pole?

Wachina wana mzee wao wa mambo haya, Yan Fu, aliyechapisha tafsiri ya kitabu cha Thomas Huxley mwaka 1898 na kwenye utangulizi akataja mambo matatu magumu katika kutafsiri: xin, da, ya. Uaminifu, kueleweka, ufasaha. Yeye mwenyewe alikuwa mtundu, alipunguza na kuongeza alivyopenda, lakini mpangilio unanipendeza: uaminifu ulitajwa kwanza. Huku kwetu Nyerere, akiwa na nchi nzima ya kuongoza, alichapisha Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia ya Julius Caesar, mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Rais mzima hakuridhika na sentensi zake. Mimi napewa sekunde chache na vitufe viwili.

Kitu kingine kinachonisumbua ni kwamba mwanafunzi hanioni. Kabla ya 2021, kampuni kubwa za China zilizofundisha watoto Kiingereza kwa video zilitafuta walimu Marekani na Kanada. Mkenya aliyesoma Kiingereza tangu chekechea hakuhesabiwa. Julai 2021 serikali yao ikabana biashara hiyo na kupiga marufuku walimu walio nje ya nchi. Leo kwenye ukaguzi hakuna sura. Nikibonyeza si sahihi, huenda mtoto anafikiri London imesema. London haijasema. Amesema jamaa wa Kitale mwenye mahindi ya kuchoma mkononi, ambaye jana tu alimwambia mama mboga “pole na jua”. Kama mamlaka ninayoitumia si yangu, angalau nisiitumie kukanusha kitu ninachokijua kuwa kweli.

Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Kama ni chetu kweli, nasi tuna kura katika kusema kinabeba nini. Kama si chetu, basi nisilipwe kukisimamia. Binamu alicheka hapo. Akasema pesa za kukisimamia nisirudishe tu.

Wiki iliyopita waliongeza chini ya vitufe nafasi ndogo ya maoni. Sentensi ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa ya mkulima aliyekula hasara mvua ilipokosa, na mwanafunzi alikuwa amemwacha ale, kwa Kiingereza, bila kumtesa. Nilibonyeza si sahihi, maana mtihani ni mtihani na hapo binamu kanishinda. Kisha nikaandika kwenye maoni: “Hujakosea maana. Waingereza hawasemi hivi. Sisi tunasema.”

Nilimpigia picha nikamtumia. Alijibu kwa maandishi safari hii, jambo ambalo halifanyi. “Sisi ni nani? Ataelewa aje?” Sijamjibu. Leo kuna sentensi arubaini zinangoja, na ya tatu kutoka juu ni mtu anamsindikiza mgeni mlangoni na kumwambia atembee polepole.