Hukumu ya Kukusanya Watu kwa Mchezo Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Yaulizwa: maradhi ya kuambukiza yakienea ulimwenguni, je, yafaa michezo mikubwa iendelee, na watu waihudhurie kwa maelfu?

Jawabu: Asili ya mchezo ni mubaha, maadamu haukuchanganyika na haramu. Lakini mubaha ukiwa njia ya kuwadhuru watu, hukatazwa. Tarehe 11 Machi 2020, siku ile ile Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa korona ni janga la ulimwengu, watu zaidi ya 50,000 walikusanyika Liverpool, Uingereza, kutazama mpira; na wapata 3,000 katika hao walitoka Madrid, mji uliokwisha kushikwa na maradhi. Aliyekwenda alijichagulia mwenyewe. Lakini mzee aliyekaa nyumbani, akaletewa maradhi na mjukuu wake, yeye hakuchagua kitu.

Wako wasemao: ajali haina kinga. Neno hili ni kweli, ila huwekwa pasipo mahali pake. Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimfikie, alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, akaazimia kurejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari yake Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akawajulisha kuwa Mtume, salallahu alayhi wasallam, alikwisha kukataza kuingia katika nchi yenye tauni.

Wala wema wa nia hauzuii maradhi kuambukiza. Imamu Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, ametaja katika kitabu chake cha tauni kuwa mwaka 833 wa Hijra watu wa Kairo walitoka kwa wingi jangwani kuomba dua. Kabla ya kutoka, waliokufa kwa siku hawakufika 40. Haukupita mwezi ila walizidi 1,000. Na mwaka 2020 Hija yenyewe, nguzo ya dini, ilifanywa na watu wachache waliokuwamo ndani ya Saudia, hali mwaka uliotangulia walihiji zaidi ya milioni mbili. Ikiwa mkusanyiko wa ibada hupunguzwa ili kuhifadhi nafsi, mkusanyiko wa mchezo una hoja gani?

Husemwa pia: wako wanaokula kwa mchezo, tangu mchezaji hata muuza kahawa mlangoni mwa uwanja. Hoja hii ni ya haki. Lakini riziki iliyokatika yaweza kufidiwa. Nafsi iliyokufa hairejei. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa kutoka mwaka 2020 hata 2021, ikachezwa, na viwanja vingi havikuwa na watazamaji. Wala mwenye amri asidhani kuwa akifunga uwanja amemaliza wajibu wake. Yule muuza kahawa aliyezuiwa kwa ajili ya uhai wa wengine ana haki juu ya hao wengine. Kumzuia na kumwacha na njaa ni kuondosha dhara kwa dhara, na sharia haikubali hayo.

Basi mchezo na ungoje, au uchezwe pasipo mkusanyiko, na wenye kupata hasara wasaidiwe. Wallahu aalam.