Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Tone moja, rangi ngapi?



Swali la leo: ukiona jambo kwa macho yako mawili, je, umeshamjua aliyelitenda?

Hebu tuanzie kwenye upinde wa mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1300, mwanachuoni wa Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, alikuwa akisoma kitabu cha Ibn al-Haytham kuhusu mwanga, na maelezo ya upinde hayakumtosheleza. Tone la mvua ni dogo mno kulichunguza. Basi akachukua tufe la kioo, akalijaza maji, akafuatilia njia ya mwanga ndani yake. Karibu wakati huohuo Theodoric wa Freiberg, kule Ujerumani, alifanya vivyo hivyo bila wao kujuana, wakafikia jibu moja: mwanga unapinda ukiingia kwenye tone, unagonga upande wa nyuma na kurudi, kisha unapinda tena ukitoka.

Baadaye ikajulikana kwamba rangi hazipindi sawasawa. Nyekundu hukufikia kwa pembe ya karibu digrii 42 kutoka kilipo kivuli cha kichwa chako, zambarau karibu digrii 40. Ndiyo maana upinde huuoni ila jua liwe mgongoni na limeshuka. Kwetu pwani, adhuhuri usihangaike kuutafuta. Subiri kivuli chako kikuzidi urefu, yaani kwenye Alasiri, kisha tazama mashariki, baharini.

Sasa sikiliza hili. Kila tone linatoa rangi zote, lakini kwa wakati mmoja jicho lako linapokea rangi moja tu kutoka kwenye tone hilo. Mwenzako aliyesimama kando, tone lilelile linaweza kumpa kijani, au lisimpe kitu. Hakuna aliyedanganywa, wote mmeona kweli. Kosa ni kusema, "Tone lile ni jekundu."

Na sisi je? Umemwona mtu anatoka msikitini baada ya rakaa nane za tarawehe, umeshampa jina: mvivu. Hujui kama anawahi lindo la usiku, au ana mgonjwa nyumbani. Umemsikia kijana akimjibu mama yake vibaya mara moja, umeshamaliza: hana adabu.

Utasema, "Kwa hiyo kila mtu na ukweli wake, tusihukumu lolote?" Hapana. Jua ni moja na kanuni ni moja, la sivyo Mwajemi na Mjerumani wasingefikia jibu moja. Aliyekula haki yako, mdai. Ukiitwa kutoa ushahidi, sema ulichokiona bila kupunguza. Kumjibu mama vibaya ni vibaya, basi. Lakini kutoka "amefanya hivi" hadi "ndivyo alivyo" ni safari ndefu, na wewe umesimama pahala pamoja tu. Suratul Hujurat imetuonya juu ya dhana. Mwenye dhana mbaya mara nyingi macho yake hayakukosea. Ulimi wake ndio umesema zaidi ya alichokiona.

Kwa hiyo leo, kabla ya futari, mkumbuke mtu mmoja uliyempa jina baya kwa jambo moja uliloliona. Usijilazimishe kusema hukuona. Jiulize tu: nilikuwa nimesimama wapi? Kisha sogea hatua moja: mpigie simu, mjulie hali, au mkaribishe futari. Huenda ukaona rangi nyingine. Na hata usipoiona, kumbuka kwamba anayetuona kutoka pande zote ni Mmoja tu, naye kwa rehema zake anatusitiri.

Allah atutakabalie funga zetu, atulinde na dhana mbaya, na awajaalie wema wale tuliowadhania vibaya. Aamin.

Futari njema.