Kuondoka na Kuaga

Mtu akija nyumbani kwako, akala, akanywa, akalala, kisha ukaamka alfajiri ukakuta kitanda kitupu na mlango umerudishwa tu, utafanyaje? Hukuibiwa kitu. Shuka zimekunjwa, na pengine ameacha fedha chini ya mto. Hata hivyo moyo wako hautatulia. Utajiuliza, "Nimemkosea nini?" Na yule mgeni, huko aliko, ukimuuliza atakwambia kwamba hana deni na mtu. Jambo hili la kuondoka na kuaga nimelifikiri kwa miaka mingi, kwa sababu nitakayoieleza mbele, na lililonirudisha kwalo ni habari ya kijana mmoja wa hapa Unguja, mcheza mpira.

Wasiofuatilia mpira nitawaeleza kwa ufupi. Feisal Salum, ambaye wapenzi wa mpira humwita Fei Toto, alizaliwa Zanzibar mwaka 1998. Aliichezea JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi, na mwaka 2018 akavuka bahari kwenda Yanga ya Dar es Salaam. Huko akakomaa, akawa mmoja wa viungo bora nchini. Mei 2022, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Mwanza, alipiga mpira kutoka mbali ukawa bao pekee lililowatoa Simba. Na hata sisi wengine wenye mapenzi na Simba tuliona vigumu kukasirika, kwa kuwa mfungaji ni wa kwetu. Msimu ule Yanga wakatwaa ubingwa wa ligi ambao Simba walikuwa wameushikilia kwa miaka 4.

Kiungo ni mchezaji wa katikati. Neno lenyewe sisi tunalitumia kwa goti na kiwiko, na tunalitumia kwa iliki na mdalasini, na maana zote mbili zinamfaa. Hupokea mpira kwa mabeki akawapelekea washambuliaji, na mara nyingi anayepigiwa makofi ni mwingine. Kazi yake huonekana zaidi siku asipokuwapo, kama vile goti tunavyolikumbuka likiuma na pilau tunavyolitambua likikosa bizari. Ndiyo maana kuondoka kwa kiungo huitikisa timu nzima.

Basi mwishoni mwa Disemba 2022, katikati ya msimu, Feisal alitangaza kuwa anaondoka Yanga. Mkataba wake ulikuwa haujamalizika. Zikawekwa katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Yanga walizikataa na kusema kijana bado ni wao. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua hivyo hivyo, na marejeo aliyoyaomba baadaye hayakumfaa. Kutoka upande wa familia yake yakasikika maneno juu ya kula ugali kwa sukari, yakaenea nchi nzima mpaka watoto wakayafanyia mzaha. Feisal hakuichezea Yanga tena.

Siku zile hapakuwa na baraza Mji Mkongwe lisilolizungumza jambo hili. Pale Jaws Corner, kahawa ilikuwa ikipoa vikombeni. Mzee mmoja alisema, "Ahadi ni deni. Ametia saini mwenyewe, hakushikwa mkono. Leo Yanga wangemfukuza kabla ya wakati, si tungesema wamemdhulumu?" Kijana mmoja akamjibu kwa heshima lakini kwa ukali, "Mzee wangu, nisamehe. Mtu akisema kazi hii siitaki, ukamwambia huondoki, hiyo ni kazi au utumwa?"

Neno hilo la mwisho lilitunyamazisha. Kutoka pale Jaws Corner hadi Mkunazini ni mwendo wa dakika chache tu. Pale Mkunazini watu waliuzwa mpaka mwaka 1873, soko lilipofungwa, na hukumu ya utumwa wenyewe haikuondolewa Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Sisi tuliokulia karibu na mahali pale hatuna budi kushtuka kidogo tunaposikia redioni kuwa klabu fulani "imemuuza" mchezaji na nyingine "imemnunua". Najua ni maneno ya biashara ya mpira tu. Lakini maneno yana kumbukumbu, na ni vyema tuulize: kinachouzwa ni nini hasa?

Swali hili liliulizwa pia Ulaya, na aliyeliuliza alikuwa kiungo. Jean-Marc Bosman alikuwa akiichezea RFC Liège ya Ubelgiji. Mwaka 1990 mkataba wake ulimalizika, klabu ikataka kumpa mkataba mpya wenye mshahara mdogo zaidi, naye akataka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ikadai fedha ambazo Dunkerque hawakuzitoa, basi akakwama, hali mkataba umekwisha. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Disemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa mchezaji aliyemaliza mkataba ni huru kwenda atakako ndani ya Jumuiya bila ya klabu mpya kulipa kitu. Wachezaji waliokuja baada yake walitajirika kwa hukumu ile. Yeye mwenyewe ujana wake wa uwanjani ulikuwa umeliwa na kesi, na miaka yake ya baadaye ilikuwa ya dhiki.

Kwa hiyo yule kijana wa barazani alikuwa na haki kwa kiasi. Mkataba hufunga kazi, haufungi mtu. Anayekodi nyumba hainunui nyumba. Lakini mzee naye alikuwa na haki, kwa sababu Bosman alikuwa amemaliza muda wake, na Feisal alikuwa hajaumaliza. Tukisema ahadi hutenguka kila mtu anapopata penye malisho mazuri zaidi, basi hapatakuwa na ahadi tena. Na wa kwanza kuumia kwa hilo hatakuwa tajiri; atakuwa yule mchezaji aliyevunjika goti, ambaye klabu itamwambia kuwa leo hana faida.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi wanakataza kuuza matunda mtini kabla hayajaanza kuiva, kwa kuwa mmoja wa wawili hao huenda akadhulumika: ama matunda yataharibika, mnunuzi apate hasara, ama yatastawi kupita kiasi, muuzaji ajute. Kazi si tunda, najua. Lakini kijana wa miaka 20 anayetia saini huwa hajui atakuwa nani akifika miaka 24, na klabu nayo haijui. Wote wawili wanabahatisha. Ndiyo maana naona kuwa mkataba wa kijana, hata ukiwa halali kwa kila hali, unahitaji huruma ndani yake: mwenye fedha amtazame tena mwenye kipaji anapokua, na mwenye kipaji akumbuke nani alimlipa alipokuwa bado mbichi.

Sasa nieleze sababu yangu mimi. Nilipokuwa na miaka 19 nilipokelewa na fundi mmoja wa milango ya nakshi katika kichochoro cha Malindi. Tulikubaliana kwa mdomo, mbele ya mjomba wangu, kwamba nitakaa kwake miaka 5. Hakutaka ada. Alinipa chakula cha mchana na fedha kidogo za wiki, na alinifundisha kushika patasi, kuusoma mti wa msaji unavyotaka kwenda, na kuchora mnyororo unaozunguka mwimo bila ya kukatika. Mwaka wa 3, hoteli moja mpya ya pwani ya mashariki ilitaka mafundi, na mshahara wa mwezi mmoja ulikuwa zaidi ya nilichokipata kwake mwaka mzima. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Niliondoka siku ya Ijumaa. Sikusema kitu. Nilimwachia bahasha kwa jirani, na ndani yake nusu ya mshahara wangu wa kwanza ambao niliomba nipewe mbele. Niliacha mwimo mmoja umechorwa hadi kati.

Kwa miaka mingi nilijitetea nafsini mwangu kama wakili. Fedha ile ilikuwa nyingi kuliko alichonigharimia. Mama alihitaji dawa. Kila kimoja kilikuwa kweli. Kisha nikasikia fundi anaumwa, nikaenda kumtazama. Alinipokea vizuri, akaulizia watoto. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Mkewe aliitoa kabatini akanirudishia. Kisha yule mama akaniambia, bila ya hasira, kuwa miezi michache baada ya mimi kuondoka alikuja kijana mwingine kutaka kufundishwa, tena mwenye mkono mzuri, na fundi akamrudisha. "Alisema nafasi yako haijawa wazi," akasema. "Alisema kama umekwenda moja kwa moja, ungekuja kumwambia."

Hapo ndipo nilipofahamu kuaga ni nini. Nilikuwa nikidhani ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Kumbe kuaga ni kumfungua mtu asikungoje. Asiyeaga humwacha mwenzake akiihesabu nafasi iliyo tupu kuwa ina mwenyewe. Deni la fedha nililiweka katika bahasha. Deni hili la pili sikulijua kuwa lipo, na halikuwa na bei.

Lakini kuaga kuna pande mbili, na hili nimelifahamu kwa kumtazama Feisal kuliko kwa kujitazama mimi. Mgeni husema, "Naomba ruhusa." Mwenyeji husema, "Kaa kidogo, chakula kinaiva," na ni wema kusema hivyo, hata mara ya pili na ya tatu. Ila mwisho wake hutoa ruhusa. Hatii kufuli mlangoni. Mwenyeji anayemzuia mgeni aliyekwisha kuvaa viatu hapati mgeni; anapata mtu aliyekaa kitako moyo wake ukiwa njiani. Yanga walikuwa na haki ya mkataba, na kamati iliwapa haki hiyo. Hata hivyo haki ile haikuweza kumrudisha kiungo uwanjani. Miezi ikapita, na miezi ya mcheza mpira si kama yangu na yako. Fundi wa mlango hufanya kazi hadi macho yamchoke. Mcheza mpira akifika miaka 35 tunamwita mzee.

Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye naye ni mzaliwa wa Unguja, aliwaandalia Yanga chakula Ikulu baada ya wao kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambapo walilikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Mbele ya watu wote aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo la kijana huyu. Wapo waliosema kuwa Rais hapaswi kuingia katika mikataba ya mpira. Mimi nililiona tofauti. Sheria ilikuwa imekwisha kusema, na jambo lilikuwa halijesha. Palihitajika mtu mzima wa kuwaambia wote wawili: wewe omba ruhusa, na wewe toa. Klabu zikakaa, zikaelewana, na mwezi ule ule Feisal akahamia Azam.

Nani alipata hasara? Yanga waliubeba tena ubingwa msimu ule wa 2022/23, ingawa nusu yake waliicheza bila ya Feisal. Naye katika msimu wake wa kwanza Azam, 2023/24, alifunga mabao 19 katika ligi, akawa wa pili nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21. Ukitazama hesabu hizo utasema hakuna aliyeumia. Hata mimi hoteli ilinipa nyumba, na fundi alimaliza mwimo wake mwenyewe. Hesabu za namna hii hazimtaji yule kijana aliyerudishwa mlangoni.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama mtu ana haki ya kuondoka, nasema anayo, na asiyemwachia haki hiyo anaisogelea Mkunazini, japo kwa hatua moja. Nikiulizwa kama anaweza kuondoka vyovyote atakavyo, nasema hapana. Akae mbele ya yule aliyempokea, amwambie kwa mdomo wake, astahimili hasira yake, na alipe kinacholipika. Na yule aliyempokea, akishasikia, asimfanye ahadi yake kuwa kamba.

Siku ile kwa fundi, nilipotaka kusimama, nilimwambia kwa mara ya kwanza, "Mwalimu, naomba ruhusa." Alinitazama kwa muda. Akasema, "Ruhusa unayo." Kisha akaniuliza ule mnyororo, pale nilipouachia, nilikusudia kuupeleka wapi.